Boksi la Valéry

Jumatatu, 16 Februari

Mvua tangu asubuhi. Joëlla, binti yetu aliyeko Liège, ameniambia kwenye simu niwe naandika kila siku, kwa sababu siku hizi sisemi. Nimemjibu sina la kusema. Akaniambia basi andika hilo. Haya, nimeandika.

Naandika Kiswahili kwa kuwa Kifaransa ni cha ripoti, na Kirundi kimejaa pole za watu. Kiswahili ndicho tulichokuwa tunataniana nacho mimi na Valéry tangu ujana wetu Ngagara. Valéry alikuwa mume wangu. Alifariki Novemba kwa saratani ya tezi. Vioo vya hadubini vyenye seli zake nilivisoma mimi mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu, na katika mji huu tunaoifanya tunahesabika. Sikukosea. Watu hudhani ukisoma sawasawa mgonjwa anapona.

Kwenye friji kuna boksi la dawa zake za chimio, zile kali za kuua saratani, za awamu ya mwisho ambayo hakuifikia. Tulizisubiri sana kutoka Kampala, zikafika tukiwa matangani. Jina lake liko juu ya kifuniko kwa mwandiko wangu. Boksi liko karibu na maziwa. Sijui nilifanye nini, kwa hiyo silifanyi kitu.

18 Februari

Umeme umekatika mchana kutwa. Dawa zile hazitaki joto. Nimelibeba boksi chini ya mwavuli mpaka kwa masista wa jirani, ambao friji yao ni ya sola. Sista aliyefungua mlango hakuuliza kitu. Siku hizi napenda watu wasiouliza.

20 Februari

Mvua. Umeme umerudi, boksi limerudi.

Jumatatu, 23 Februari

Leo kaletwa msichana wa Buyenzi anayeitwa Houda. Hajafika miaka ishirini. Shingo imevimba pande zote mbili hadi taya limepotea, na ukiiminya haimuumi. Baba yake ni fundi wa magari, mzee Massoudi, mtu mkubwa mwenye mikono ya oili ambaye alikataa kukaa kwenye kiti chetu asije akakichafua.

"Docteur, huyu mutoto amekunywa madawa ya kifua kikuu miezi na miezi," akasema. "Shingo haisikie kitu. Sasa iko inamufinya. Akilala chali, pumzi inakuwa kidogo."

Katumwa na Aloys. Aloys ndiye daktari wa saratani tuliyesoma naye, ndiye aliyemtibu Valéry. Tangu mazishi tunaongea kikazi tu, na hata hivyo kwa simu. Simlaumu. Simtafuti pia.

Kazi yenyewe si kubwa. Naingiza sindano nyembamba kwenye tezi, navuta seli kidogo, nazipaka kwenye kioo. Lazima zikauke upesi, ndipo zitiwe rangi, ndipo niangalie kwenye hadubini niseme ni kifua kikuu, ni saratani, au ni kitu kingine. Houda hakulia. Alifumba macho akasogeza midomo, nadhani anasoma dua. Tukiwa tunamaliza mvua ikashuka na umeme ukakata. Nikamwachia Eddy, fundi wetu wa maabara, vioo vyake, nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nyumbani pia umeme hakuna. Boksi, mwavuli, masista.

24 Februari

Umeme umerudi, boksi limerudi. Nimesoma vioo vya Houda. Seli kubwa mno, zimevimba, kingo zimefifia, na ndani ya kila moja viini viwili, vitatu, hata vinne. Seli kubwa yenye viini vingi kwenye shingo ya kijana: kila aliyesomea kazi hii anajua ni jina gani linakuja kwanza. Ni jina la ugonjwa wa Valéry.

Sikuhisi kitu. Nilikunywa chai, nikarudi, nikatazama tena, vilevile. Ningependa kukata tezi nzima ili kuhakikisha, lakini mashine yetu ya kukatia vipande vyembamba vya kusoma imekufa tangu mwaka jana na inangoja kifaa. Kwa hiyo ni sindano basi.

Nimempigia Aloys. Akauliza kwa sauti ya mtu anayevuka shimo:

"Candide, zile dawa za Valéry bado uko nazo?"

"Ziko frijini."

"Ni zilezile. Kwa sasa mujini hakuna. Zingemuanzisha huyu mutoto, tukitafuta zingine."

Nikasema sawa. Ni neno fupi, halichoshi.

25 Februari

Leo nimejikuta napanga friji. Nimefuta rafu, nimetupa limau lililokauka, nimeliweka boksi mbele. Nilikuwa nimefurahi, au kitu cha jirani na furaha. Dawa zitapata kazi. Valéry hakuweza kuvumilia kitu kikae bure. Angeweza kuhifadhi msumari uliopinda kwa miaka, halafu siku moja akaupatia mahali, akanitambia wiki nzima.

1 Machi

Amélie, dada yake Valéry, kaja baada ya misa. Anataka tuanze kupanga kuganduka, siku ya kutoa msiba, ingawa ni mpaka Novemba. Kaleta vipande vya vitambaa nichague rangi. Nimemwambia yoyote. "Wifi, hata machozi sijakuona nayo," kasema. Si kwa ubaya, lakini kasema. Nimechagua cha kijani ili aondoke.

Jumanne, 3 Machi

Houda na baba yake wamekuja kuchukua majibu. Kwa kawaida majibu anatoa Aloys, lakini kakwama kwenye foleni ya mafuta, akaniomba. Nikawaambia: inaelekea ni saratani ya tezi, inatibika, dawa za kuanzia zipo, wataanza baada ya Idi kama familia ilivyoomba. Nilisema vizuri. Naweza kusema maneno hayo nikifikiria mboga za jioni.

Houda akauliza kama dawa hizo zinaharibu kizazi. Nikamwambia ukweli, kwamba wakati mwingine zinaharibu. Baada ya Idi ndipo pia Anouar, mchumba wake, alikuwa alete watu wake nyumbani. Mzee Massoudi akatazama dirisha.

"Mama," Houda akasema, "we mwenyewe ndiye umeona?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Na uko na hakika?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo, haikutoka. Si kwamba nilikuwa na shaka. Sikuwa na shaka wala hakika. Nilikuwa kama mtu anayeulizwa kama maji ni ya moto na mkono wake umekufa ganzi. Nikasema nitaangalia tena. Mzee Massoudi akashukuru, wakaondoka kwenye mvua.

Nikaangalia tena, kweli. Pembeni kabisa mwa kioo kimoja, mahali rangi ilipokuwa nyepesi, palikuwa na seli kubwa moja ambayo haikuvimba. Ndani yake kulikuwa na kiini chake kimoja tu, na kando ya hicho kiini kulikuwa na seli nyingine ndogo, nzima, na duara jeupe kuizunguka. Si kiini cha pili. Ni seli iliyomezwa.

Moja haitoshi kitu. Lakini nimeiona.

4 Machi

Nimemuuliza Eddy alivyokausha vile vioo. Kwa kawaida tunatumia mashine ya kukaushia nywele. Akasema umeme ulikuwa umekwenda na hewa ilikuwa imejaa maji, hakuna kilichokauka, kwa hiyo akavipitisha juu ya imbabura, jiko la makaa ambalo mama wa usafi huchemshia chai.

"Juu ya makaa, Eddy?"

"Nilipitisha tu kidogo, Docteur. Mvua ikizidi tunafanyaka hivyo."

Tunafanyaka. Yaani si mara ya kwanza. Nilipaswa kupiga kelele. Nilimwambia tu aniletee daftari la vioo. Ukizipika seli zinavimba, kingo zinayeyuka, na seli ndogo zilizomo ndani ya kubwa zinaonekana kama viini vyake. Ndicho nilichosoma: chakula kilichopikwa. Imbabura nimeibeba mwenyewe nikaitoa nje kwenye mvua, ikafoka moshi, na mama wa usafi hajanisamehe hadi sasa.

Vioo vingine vya siku za umeme kukatika nimeviweka kando. Nitavirudia vyote.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemwambia Aloys nasimamisha majibu, nataka sindano nyingine. Kaja mwenyewe maabara kwa miguu, viatu vimejaa tope, kakasirika.

"Huyu mutoto anakosa pumzi, Candide. Unataka Idi ipite, tungojee tena nini?"

"Vioo viliungua."

"Wiki iliyopita haikuungua."

"Wiki iliyopita sikujua."

Akatazama sakafu, halafu akasema: "Sema ukweli. Hutaki kutoa ile boksi."

Laiti angejua. Hakuna kitu ninachotaka kama boksi lile litoke, na liende kwa mtu, na limponye. Kama kuna jambo lililonifanya nione saratani haraka hivyo, labda ni hilo. Nilimwambia atoke. Nikaubamiza mlango nyuma yake, nikajishangaa. Ilikuwa hasira. Tangu Novemba ni kitu cha kwanza kuja.

8 Machi

Umeme hakuna. Boksi, masista. Sista kaniuliza leo: "Ni ya nani, mama?" Nikasema bado hatujui.

Jumanne, 10 Machi

Houda amekataa sindano. Nimekwenda Buyenzi kwenye gereji ya baba yake, nikamkuta kaketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, anapanga boliti. Anafunga Ramadhani ingawa kila mtu kamwambia mgonjwa ameruhusiwa kula.

"Nikiacha kufunga, nyumbani watajua nimekuwa mugonjwa kabisa," akaniambia. "Na hii shindano ingine munatafuta nini? Mara ya kwanza mulisema mumeona."

Nilimwambia nilichoona kiliharibika kabla sijakiona. Kwamba huenda si saratani. Kwamba huenda ni hiyo hiyo, na safari hii nitajua. Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta usoni kwangu kama nina huzuni, ili ajue upande gani nauamini, na masikini hakukuta kitu.

Mzee Massoudi akafuta mikono. "Nilipita kwa sheikh. Amesema hii shindano haiingize chakula, haiingize nguvu, inatoa tu. Funga haiguswe. Sasa, Houda, shida iko wapi?"

"Umeme," nikasema mimi, kwa sababu ilikuwa kweli. "Ukikatika tena hatuna cha kukaushia."

Akacheka, mara ya kwanza namuona akicheka. "Docteur, hapa umekuja kwa fundi. Shida ya umeme uniachie mi." Houda akasema basi, atakuja.

Jumatano, 11 Machi

Mvua kubwa, na umeme, bila shaka, hakuna. Mzee Massoudi kafika na betri ya gari begani na feni ndogo ya kwenye teksi, ile ya kubana kwenye dashibodi. Akaiunganisha kwenye meza yangu, cheche kidogo, ikaanza kuvuma. Nilivuta, nikapaka, na Eddy akavishika vioo mbele ya feni kimoja kimoja, akihema polepole kama anayebeba yai. Vimekauka mara moja. Houda alikuwa anaangalia kila kitu. Sikutaka kumwachia mtu rangi, nimetia mwenyewe.

Halafu nikaketi kwenye hadubini, ile ya zamani ya kioo cha kuakisi mwanga, nikaisogeza dirishani.

Zilikuwepo. Kila mahali. Seli kubwa zenye mwili mweupe mpana na kiini kimoja cha duara, na ndani yake seli ndogo nyeupe za damu, tatu, tano, nzima kabisa, kila moja na nafasi yake. Hazijasagwa, hazijaliwa. Seli kubwa zimezimeza na hazijazidhuru. Nimeusoma ugonjwa huu vitabuni na kuuona mara moja nikiwa mwanafunzi Dakar: Rosai-Dorfman. Hutokea kwa nadra, huvimbisha shingo za watoto na vijana hadi kila mtu aseme ni kifua kikuu au saratani. Si kimojawapo. Mara nyingi hupoa wenyewe, na tezi zikibana pumzi, vidonge vya prednisolone huzisinyaza. Chimio ya Valéry haina kazi hapa.

Nilijua kwamba ninapaswa kufurahi, na nilijua boksi litarudi nyuma ya maziwa.

12 Machi

Nimepiga picha kwa simu kupitia hadubini, nimezituma kwa mwalimu wangu Dakar. Jibu limerudi jioni: anakubaliana nami, ila anataka nifuatilie.

Aloys kaja. Nilimpisha kiti. Aliangalia kwa muda, akazungusha, akaangalia pengine, kisha akabaki na jicho kwenye hadubini ingawa nilijua haangalii tena.

"Valéry nilimungojesha," akasema. "Nilitaka vipimo vyote kwanza. Safari hii nikasema mi singoje."

Sikuwa nimejua kwamba anabeba hilo. Miezi yote hii nimemwona kama mtu anayekwepa macho yangu, na kumbe aliogopa nitamuuliza. Nikamwambia Valéry hangepona hata angeanza siku ileile, na ni kweli, niliviona vioo. Akafuta uso kwa kiganja. Nilitamani na mimi ningeweza.

Tumekubaliana: Houda aanze prednisolone leo. Lakini Aloys kanikumbusha nisilotaka kukumbushwa. Hata saratani ya tezi husinyaa kwa dawa hiyo kwa muda, halafu hurudi. Tutajua tu atakapoiacha.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Mtu kaleta sahani ya pilau kutoka Buyenzi, imefunikwa sahani nyingine. Nimekula yote nikiwa nimesimama.

2 Aprili

Shingo imepungua. Taya la Houda limeonekana: ana kidevu chenye ukaidi, kama cha baba yake. Mzee anataka kufurahi, namwambia bado. Watu wa Anouar wamesogeza siku. Wanasema wanangoja mvua ziishe. Kila mtu anajua wanangoja nini.

Umeme. Boksi. Nimeendelea kulipeleka. Likipata joto sasa, na shingo ikarudi kuvimba, nitakuwa nimemwibia dawa.

5 Aprili

Pasaka. Amélie kaja na hakuleta vitambaa. Kasema tu, "Wifi, nimekosa mahali pa kukaa leo." Tumekaa. Ana miguu ya Valéry, vidole vikubwa vilivyosimama. Sijui kwa nini nilikuwa namwona msumbufu.

9 Aprili

Houda kamaliza vidonge.

14 Aprili

Nimemgusa shingo. Vilevile.

18 Aprili

Vilevile. Mvua imebomoa ukuta wa masista.

21 Aprili

Upande wa kushoto nimehisi kitu kigumu. Nimemwambia avue hijabu vizuri, nikagusa tena, nikamwita Eddy ashike taa. Mzee Massoudi alikuwa ameacha kupumua. Mimi pia, nimeligundua baadaye. Niliogopa, kwa hofu ya kawaida, ya mtu yeyote. Ilikuwa ni kovu dogo la sindano yangu. Nikacheka kwa sauti mbaya, Houda akacheka naye, na baba yake akatuuliza sote wawili kama tuko sawa.

27 Aprili

Aloys kamuona, na mimi nimemuona. Tezi zimebaki ndogo na zinaendelea kupungua bila dawa. Si saratani. Nimeandika majibu ya mwisho na kusaini.

Aloys kasema kuna mama mmoja kutoka Kayanza, mwenye ugonjwa wa Valéry hasa, umethibitishwa nje ya nchi, na dawa hana. Akaniuliza bila kuniangalia. Nimesema ndiyo, achukue. Wiki ijayo nitalipeleka.

Jumatatu, 4 Mei

Hakuna mvua. Houda kapita asubuhi akiwa njiani kwa Aloys kuangaliwa, baba yake kabaki nje kwenye gari na injini imezimwa ili kubana mafuta. Kaleta sambusa kwenye bakuli na habari kwamba watu wa Anouar wamekuja jana, na kwamba aliwafanya wangoje sebuleni muda mrefu kusudi. Nimempenda kwa hilo.

Nilikuwa nafunga viatu, nikamwambia aziweke sambusa frijini mwenyewe. Nikasikia mlango wa friji ukifunguka.

"Mama, hii boksi ni ya nani?"

"Ilikuwa ya mume wangu."

Akalisogeza ili apate nafasi ya bakuli. Nikaona ni afadhali ajue.

"Halafu ikawa yako," nikasema.

Aligeuka. Mkono wake ulikwenda shingoni, mahali ambapo hapana kitu tena. Hakuuliza ilikuwaje, anajua: siku ile ya majibu nilimwambia dawa za kuanzia zipo. Kisha akauliza, "Na sasa?"

"Ya mama mmoja wa Kayanza. Anangoja kwa Aloys."

"Si ndiko naenda. Mi nitaibeba."

Tuliliweka kwenye kapu na vipande vya barafu. Aliliona jina juu ya kifuniko akauliza kama tulifute. Nikasema hapana, aliache, yule mama ajue limetoka kwa mtu. Akalibeba kwa mikono yote miwili, polepole, kama Eddy na vile vioo, na mzee Massoudi akashuka kumfungulia mlango wa gari.

Nikarudi jikoni kuchukua maziwa. Pale lilipokuwa boksi pamebaki mraba wa rafu safi, nilioufuta mwenyewe Februari. Nikaweka mkono pale. Nikasema jina la Valéry, kwa Kiswahili chetu, na neno la utani ambalo sitaliandika hapa. Halafu nikalia. Nimelia muda mrefu mlango wa friji ukiwa wazi, joto likaingia, na ndani hamkuwa tena na kitu cha kuogopea joto, ila maziwa na sambusa.